Kuguswa Mara Thelathini na Nane

Walimwita Kiberiti tangu enzi za kusukia wateja uani kwa mama yake, na jina hilo hakuwahi kulikataa. Alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye hasira inayowaka kwa kukwaruzwa kidogo tu. Baadaye alipanga chumba kimoja, akaweka viti vitatu, kioo kilichopasuka kona na mashine ya kukaushia nywele yenye kelele za pikipiki bovu. Wenye watoto walimpenda, kwa sababu watoto hawakulia kwenye kiti chake. Siri yake ilikuwa kuangalia shingo. "Mtoto anaanza kulia shingoni kabla hajalia mdomoni," alikuwa akisema. "Ukiona imekaza unaacha kuvuta, unasubiri." Mama akimfinya mwanawe ili atulie, Kiberiti aliweka chanuo mezani na kumwambia akasukie kwingine, hata kama kichwa kiko nusu. Alipoteza wateja wengi kwa njia hiyo na hakumfuata hata mmoja.

Mimba yake ya kwanza haikufika miezi saba. Chupa ya uzazi ilimpasukia akiwa kazini, amesimama, uzi mdomoni. Msusi mwenzake akapokea kile kichwa, naye akapakiwa kwenye teksi. Mumewe, fundi wa friji, alifika hospitali na bisibisi mfukoni, na kabla jua halijazama walikuwa wazazi wa binti mwenye kilo moja na gramu mia moja. Kiberiti alimwona kwa muda wa kupepesa macho tu. Alikuwa mwekundu, ngozi yake nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Kisha wakamfunga kwenye taulo na kukimbia naye.

Chumba cha watoto njiti kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili. Kilikuwa na dirisha refu la kioo upande wa korido, na chini ya dirisha hilo benchi la mbao. Ndani, vitanda vya kioo kumi na tisa vilipangwa safu mbili, na kila kimoja kilikuwa na mashine yake juu yenye namba zinazobadilika. Binti yake alilazwa cha tatu kutoka dirishani. Sista mmoja, mwanamke mrefu mwenye uso mkavu ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba, alimweleza taratibu akiwa anaandika kitu kingine.

"Maziwa unaleta kila baada ya saa tatu. Ukiingia unakaa nusu saa. Mtoto haguswi."

"Haguswi na nani, sista?"

"Na nyinyi. Mna vijidudu. Namba hii ya juu ni oksijeni yake, ikishuka chini ya themanini na tano mashine inalia. Isikutie hofu, sisi tupo."

Kiberiti alikubali. Siku zile za mwanzo alikuwa mpole kama maji ya mtungini, maana mwili ulimuuma na kila aliyevaa koti jeupe alimwona ni mtu aliyeshika roho ya mwanawe mkononi. Alikamua maziwa, akayapeleka, akasimama kando ya kioo na mikono yake nyuma, halafu akatoka kwenda kukaa kwenye benchi. Hakurudi wodini kulala kama wenzake. Alikaa tu hapo akitazama.

Na kwa vile kutazama ndiyo kazi iliyomlisha, hakuchelewa kuona. Mtoto wake akiachwa, namba ilikaa tisini na nne, tisini na tano, na uso wake ulikuwa laini. Mlango mdogo wa kile kitanda ukifunguliwa na mkono ukaingia, vidole vya mtoto vilifunguka vyote kwa pamoja, vikatanuka kama vya mtu anayesema ngoja. Kisha alipiga miayo. Kisha kwikwi. Kisha mgongo ukapinda nyuma, rangi ikageuka mabakamabaka, na namba ikaanza kuteremka: tisini, themanini na nne, sabini na nane. Mashine ililia. Mkono mwingine ukaja kunyamazisha mashine na kumtingisha mtoto mguu ili avute pumzi, na vidole vikafunguka upya.

Mikono ilikuwa mingi. Mmoja alikuja kumpima uzito, na alipoondoka tu, mtoto akiwa ndiyo kwanza anatulia, mwingine alikuja kubadilisha nepi. Baada ya robo saa alikuja wa kubandua plasta ya mrija wa pua na kubandika nyingine. Akaja wa kipimajoto. Akaja daktari na kifaa chake cha kusikiliza moyo, kimetoka mfukoni kikiwa baridi. Wakaja wanafunzi saba, kila mmoja akasikiliza moyo uleule. Akaja mtu wa maabara, kijana mnene mwenye viatu vya kuteleza, akabinya kisigino, akachoma, akakamua, damu haikutosha, akachoma tena.

Siku ya nane Kiberiti alitoa kwenye mkoba daftari la miadi ya saluni, akapindua ukurasa mtupu na kuanza kuchora vijiti. Alianza saa mbili asubuhi. Ilipofika saa nane mchana alihesabu. Mtoto wake alikuwa ameguswa mara thelathini na nane. Mara kumi na nne namba ilishuka chini ya themanini na tano. Ni yeye peke yake, mama mzazi, ambaye hakuwa ndani ya ile hesabu.

Damu ilianza kumchemka hapo.

Siku iliyofuata alimngoja mtu wa maabara mlangoni, akamsalimia vizuri, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kumchoma mtoto mara moja badala ya mbili au tatu.

"Damu haitoki, mama, mimi nifanyeje?"

"Lakini anaumia, kaka yangu. Ukishamchoma anakaa nusu saa hajarudi sawa."

Yule kijana akatabasamu, tabasamu la mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. "Wakiwa wadogo hivi hawasikii maumivu. Ile ni misuli tu inashtuka. Neva zao bado hazijakomaa."

"Wewe umejuaje?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Akampita. Kiberiti alibaki amesimama na chupa ya maziwa, akihisi masikio yanawaka moto. Siku nne nzima alimeza hasira. Alimeza pale mtoto alipochomwa kisigino cha kushoto, akameza alipochomwa cha kulia, akameza pale mwanafunzi mmoja alipomwinua binti yake kichwa na kukiachia kidogo kwenye kiganja ili wenzake waone anavyorusha mikono, na wenzake wakasema "aaa" kama watu walioonyeshwa mazingaombwe. Siku ya kumi na tatu alikuwa ndani, kwenye ile nusu saa yake, mtu wa maabara alipofika. Alichoma mara moja. Akakamua mpaka kisigino kikawa cheupe. Akachoma mara ya pili. Mtoto alikuwa amefungua mdomo bila sauti yoyote kutoka, namba imefika sabini na moja, na vidole vyake kumi vimesimama wima. Kijana akachukua sindano ya tatu.

Kiberiti akamshika mkono. Alimshika kifundo kwa vile vidole vya kusuka, vyenye nguvu kuliko vinavyoonekana, akakitoa nje ya kile kitanda.

"Humchomi tena."

"Mama, niachie."

"Nimekwambia humchomi. Angalia namba. Huoni? Shule yenu haikuwafundisha kusoma namba?"

Chumba kizima kiligeuka. Tone dogo la damu lilidondoka sakafuni. Sista mkuu alivuka chumba kwa hatua nne, akawatenganisha, akamfungia mtoto mlango wa kioo na kumtoa Kiberiti hadi koridoni kwa kumshika bega. Jioni ile kwenye faili la mtoto paliandikwa kwa wino mwekundu: mama mkorofi, asiingie. Maziwa aliambiwa ayaache mlangoni.

Mumewe alipokuja kesho yake alimkuta kwenye benchi. Fundi alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyeweza kukaa saa sita amechuchumaa nyuma ya friji bila kulaumu mtu. Alisikiliza yote, halafu akasema, "Nenda kaombe radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Sijasema una kosa. Nimesema kaombe radhi. Mtoto yuko mikononi mwao, mke wangu. Wewe ukiwaudhi, nani atalipa? Ni yeye."

Kiberiti alimtazama kama hamjui. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli, na hofu hiyohiyo ndiyo iliyowafunga midomo kina mama wote wa wodi ile. Usiwaudhi. Sema asante sista, asante daktari, hata mtoto wako anapokunjika kama karatasi inayoungua. Walikuwa wanawake kumi na nane, kila mmoja anameza peke yake.

"Kwa hiyo wewe unaamini kuna mtu humo anaweza kumuumiza mtoto kwa kunikomoa mimi," alisema.

"Naogopa tu."

"Basi kama tunaogopa hivyo, hapa si mahali pa kuomba radhi. Ni mahali pa kupiga kelele."

Walinuniana. Fundi alikunywa chai yake upande mmoja wa benchi, yeye akakaa upande wa pili na kumpa kisogo. Lakini kulipokucha alikwenda kwa sista mkuu, na njiani alijiapiza kuomba radhi.

Ofisi ya sista ilikuwa kona iliyotengwa kwa pazia, yenye kabati la chuma, kiti kimoja na maboksi ya glavu hadi darini. Sista hakumkaribisha akae, kwa sababu kiti chenyewe alikuwa amekikalia.

"Nimekuja kuomba radhi kwa kumshika mkono yule kijana," Kiberiti alianza, na kweli alikusudia kuishia hapo. Mkono wake ukatoa daftari. "Na hiki nilikuwa nataka ukione."

Sista alifungua. Kulikuwa na kurasa sita. Vijiti, saa, namba iliyoshuka, muda iliochukua kurudi. Pembeni, kwa mwandiko wa haraka: vidole vimefunguka. Kwikwi. Miayo mara tatu. Amekuwa mabaka. Wanafunzi saba. Nepi kavu imefunguliwa kuangaliwa, ikafungwa. Amelala dakika nane, akaamshwa kupimwa joto.

Sista alisoma kurasa zote sita, akairudia ya nne.

"Haya ya vidole na miayo, nani alikwambia?"

"Nani aniambie? Nimeona. Ni kama shingo." Akamweleza habari za watoto wa saluni. Sista hakucheka.

"Nina miaka ishirini na mbili kwenye chumba hiki," sista alisema, na sauti yake, ambayo Kiberiti aliizoea ikiwa kavu, ilikuwa inatetemeka chini kwa chini. "Unafikiri unanifundisha? Hayo nimeyaandika mimi, nimeyapeleka juu, kwa wakubwa, mara mbili. Kwamba mtoto afanyiwe kazi zake zote kwa mpigo mmoja, kisha aachwe alale. Kwamba asichomwe bila kushikwa. Nikaambiwa maabara wana ratiba yao, wanafunzi wana ratiba yao, mizani ina ratiba yake. Zamu yangu tuko wawili kwa watoto kumi na tisa. Wawili, mama. Unataka nishike sindano na kichwa na miguu kwa mikono mingapi?"

"Mimi ninayo miwili," Kiberiti alisema. "Imekaa bure kwenye benchi siku kumi na tano."

Hapo sista alifunga daftari. Alimtazama mikono, kucha fupi, mafuta ya nywele yaliyoingia kwenye mistari ya viganja na hayakutoka tena.

"Ukimshika tena mtu wangu nakutoa mimi mwenyewe, na huji kurudi," alisema mwishowe. "Nenda kanawe mpaka viwikoni. Mara mbili."

Mtu wa maabara alipopata habari kwamba mama atakuwepo, alikataa kuchoma. Sista akamwambia sawa, aache vifaa, atatoa damu mwenyewe. Kisha akamsimamisha Kiberiti upande wa pili wa kile kitanda na kumwonyesha. Usipapase, alisema, wadogo hivi wanachukia kupapaswa, ni kama kukwaruzwa. Weka kiganja kimoja kichwani, kitulie. Kingine kunja miguu, isukume karibu na tumbo, kama alivyokaa ndani yako. Usibonyeze. Usiondoe.

Kiberiti aliingiza mikono. Kichwa chote kilijaa kwenye kiganja chake kama chungwa. Kilikuwa cha moto, na chini ya ngozi kitu kilikuwa kinapiga haraka haraka. Vidole vya mtoto vilifunguka kama kawaida, na yeye hakusogea. Taratibu vikafunga. Sista alidondosha matone mawili ya maziwa kwenye ulimi wa mtoto, akangoja ayanyonye, akakipasha kisigino moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, ndipo akachoma. Mara moja. Mtoto alilia kidogo, sauti ya paka mchanga, ambayo mama yake alikuwa haijui kabisa. Namba iliteremka. Tisini na tatu, tisini na moja, tisini. Ikasimama. Damu ilijaza kimrija mpaka alama. Kabla sista hajamaliza kubandika pamba, namba ilikuwa tisini na tano na mtoto amelala.

Kiberiti alianza kulia. Sista alidhani ni furaha, akampa pamba ajifute.

"Si furaha," Kiberiti alisema, mikono yake bado iko ndani. "Siku kumi na tano, sista. Ilikuwa rahisi hivi, siku kumi na tano zote. Nina hasira mpaka sioni."

"Zikae hapo nje," sista alisema. "Humu ndani mikono yako ikae kimya."

Tangu siku hiyo kitanda cha tatu kilikuwa na utaratibu wake. Nepi, joto, uzito, plasta na damu vilifanywa kwa mkupuo mmoja kila baada ya saa tatu, mama akiwa amemshika, kisha kitanda kikafunikwa shuka nene na kuachwa. Kwenye shuka sista alibandika karatasi: amelala, njoo saa sita. Wengine walitii kwa sababu ya sista. Daktari alitii kwa shingo upande. Siku ya kwanza alifika na wanafunzi wake, akaanza kufunua shuka.

"Ameshaonyeshwa asubuhi, daktari," Kiberiti alisema kutoka kwenye kigoda chake.

"Mama, hii ni hospitali ya kufundishia."

"Wafundishe kusoma hiyo karatasi kwanza."

Mwanafunzi mmoja aliponyokwa na cheko akaligeuza kikohozi. Daktari alikunja uso, akaitazama namba, ambayo ilikuwa tisini na sita na haikuwahi kufika hapo, akaitazama kwa muda kidogo, halafu akaenda kitanda cha nne. Kitanda cha nne hakikuwa na shuka wala karatasi. Kiberiti aliona vidole vya mtoto wa watu vikifunguka, mashine ikalia, na hasira zake zikapata mahali pengine pa kukaa. Alikuwa amemtetea wake tu. Kumi na nane walikuwa palepale.

Mama wa kitanda cha nne, mwanamke mpole aliyekuwa muuza mitumba, alimfuata bombani wakati wa kuosha pampu za maziwa. "Dada, nisemee na mimi. Wewe wanakuogopa."

"Kwani wewe huna mdomo?" Kiberiti alimfokea. "Unakaa unaangalia tu mwanao anachezewa, halafu unataka mimi ndiyo nigombane?"

Yule mwanamke aliinamisha kichwa akaendelea kuosha. Kiberiti alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Alijichukia. Siku nane yeye mwenyewe alikuwa amesimama mikono nyuma akisema asante.

"Samahani," alisema. "Nitakupa daftari. Andika siku moja tu, asubuhi hadi mchana. Kisha twende wote kwa sista. Utasema wewe, mimi nitasimama nyuma yako."

Walikwenda. Mwenye mitumba alisema kwa sauti ya kunong'ona, lakini alisema. Wiki iliyofuata walikuwa wanne wenye kurasa, kisha tisa. Sista alizibana kurasa zote kwa pini, akapanda nazo juu mara ya tatu. Hakurudi na ushindi wa kupigiwa vigelegele. Alirudi na ruhusa ya mama kukaa na mtoto wakati wowote, na ya kushika wakati wa sindano. Wanafunzi walipunguzwa hadi wawili kwa kitanda. Wauguzi hawakuongezwa. Maabara walibaki na ratiba yao, na kina mama wakabishana nayo kila siku.

Binti aliruhusiwa akiwa na wiki nane na kilo mbili na robo. Walipokuwa wanasubiri karatasi za kutokea, mtu wa maabara alipita koridoni na sinia lake. Alipunguza mwendo, akarudi hatua mbili.

"Mama, nakutakia heri na mtoto," alisema. "Nilivyokwambia siku ile, ndivyo nilivyofundishwa kweli. Sikukudanganya."

"Najua," Kiberiti alisema. "Kufundishwa ulifundishwa. Lakini ulikuwa na macho, na yeye alikuwa mbele yako kila siku."

Kijana akaondoka na sinia lake. Fundi, aliyekuwa amebeba mkoba, alitazama sakafu. Walipofika kwenye ngazi alimwambia mkewe kwamba angeweza kumsamehe tu, haikuwa na gharama yoyote. Kiberiti alianza kuteremka, mtoto kifuani.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Majirani walitaka kumpakata mtoto, kumrusha, kumfinya mashavu, na walipokataliwa walisema mama yake ana maringo. Alipokuwa na miezi minane mtoto alicheka na kila mtu, akatambaa hadi chini ya viti vya saluni, akala uzi. Isipokuwa miguu. Ukimshika kisigino bila kumwambia, hata kwa soksi, alikunja magoti hadi kifuani na uso ukabadilika. Visigino vyenyewe vilikuwa na vidoa vyeupe vya makovu ya sindano, vingi, kama vya mtu aliyekanyaga mchanga mkali. Baba yake alijifunza kumwogesha kwa kuanzia kichwani, akimhadithia kila anapofika, na miguu akaiacha mwisho.

Jumamosi moja alikuwa anamfuta, mtoto amemkalia mapajani, na Kiberiti yuko kando anachambua nywele za kusukia. Fundi akavihesabu vile vidoa kwa macho bila kuvigusa, akafika ishirini na kitu, akaacha.

"Bado una hasira nao?" aliuliza.

"Bado."

"Na mimi je?"

Kiberiti alitenga fungu moja la nywele. "Wewe kidogo tu. Mlete, mafuta haya hapa."

Fundi akamwinua mtoto, akamwambia wanaenda kwa mama, kisha akampitisha juu ya lile rundo la nywele.